Msipangishe Chumba Changu

Tarehe 9 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko ghalani haijakumaliza, na kwamba koti nililokutumia lilifika kabla aliyelibeba hajalipenda. Sisi huku wazima. Mama pia mzima, ila goti linamsumbua akipanda ngazi za nyuma. Ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayepiga deki. Nilikuwa kwake mwezi uliopita. Anakusalimu na anasema ule vizuri.

Kwangu chuoni mambo yanakwenda kwa mwendo wa chuo, yaani yanakwenda yakirudi. Nafundisha, nasahihisha mitihani mpaka macho yanavimba, na katikati ya hayo namalizia kitabu. Unajua ninachosoma: dini changa, zile zilizozaliwa juzi tu, na jinsi zinavyobadili maisha ya watu. Wenzangu wamesafiri mbali kutafuta kikundi cha kuandikia. Mimi nimepata changu karibu, akina mama wachache ambao hukaa pamoja kimya wakimngoja mtu wanayemwita Anayekuja. Hakuna mtafiti mwingine aliyewagusa. Mkuu wa idara anasema kitabu hiki kikitoka, uprofesa wangu hauna wa kuupinga.

Nina maswali mawili madogo, usiniulize ya nini. Kwenye kitanda chako cha nyumbani, ubao wa miguuni, kuna alama nyeusi ya kuungua. Iliungua vipi? Na ule msumari juu ya mlango wa chumba chako ulikuwa wa kutundika nini?

Mdogo wako,
Maswali


Tarehe 2 Februari

Maswali,

Marahaba. Barua nimepokea, koti nimepokea, zipu imekufa lakini shukrani. Huku sijambo kwa namna ya mtu anayesema hajambo ili yaishe. Tunapakia kuku na samaki waliogandishwa, ndani ya vyumba ambavyo ukipumua unatoa moshi kama una jiko kifuani. Nje jua linachoma mpaka lami inanata kwenye buti. Siku nzima ni barafu, jua, barafu, jua, mwili haujui ushike msimu upi. Mnyapara tunamwita Bwana Haraka. Yeye mwenyewe hajawahi kuinua hata boksi la barafu ya soda, lakini anapiga makofi vizuri sana.

Unisamehe mwandiko. Ni baridi tu.

Kabla hujauliza kwa nini sipigi simu, nikikupigia uko kikaoni, unanong'ona, "Nitakupigia." Barua haiwezi kuninong'oneza.

Haya majibu yako. Ubao niliuunguza mimi. Niliegesha pasi ya mkaa pale nikinyoosha suruali ya kwenda kuombea kazi. Kazi sikupata na kitanda kikaungua. Msumari ulikuwa wa kofia. Umeridhika? Tangu utotoni uliuliza mpaka baba akawa anajifanya amelala, ndiyo maana nikakubandika jina hilo. Sasa unalipwa kwa kuuliza, basi na mimi niulize bure. Mama ana shughuli gani siku hizi? Nikipiga nyumbani simu inaita mpaka inachoka. Mwanamke mwenye goti bovu anakwenda wapi?

Sasa jambo lenyewe. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita na narudi nyumbani. Huu ni mwaka wa tisa nalala chumba cha vitanda vya ghorofa na wanaume saba, na wa juu yangu anapakia mizigo hata usingizini. Sitaki mapokezi. Sitaki kuchinjiwa wala kuimbiwa. Nataka kitanda changu, mlango umefungwa, nilale mpaka niamke mwenyewe bila mtu kupiga makofi. Hilo tu. Mwambie mama.

Kaka yako


Tarehe 14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, ni mitihani na vikao, na vikao vya kupanga vikao. Mama hajambo. Mshonaji jirani yetu hajambo naye, anaulizia kama bado unavaa suruali alizokupunguzia.

Habari ya kurudi kwako imenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Ila nyumba inapakwa rangi. Chumba chako ndicho kimewekewa vitu, kwa sasa hakilaliki. Halafu mwezi wa nane nina wageni kutoka vyuo vya nje, wanakuja kuona kikundi changu kwa macho yao kabla uprofesa haujaamuliwa. Baada ya hapo nitakuwa na nafasi ya kukupokea kama unavyostahili. Je, huwezi kuongeza mkataba mpaka mwezi wa tisa? Mama sijamwambia bado, nisije nikampa matumaini halafu tarehe zikabadilika.

Swali moja tu. Siku unaondoka ulisimama mlangoni ukasema maneno. Mama anayakumbuka hivi na mshonaji anayakumbuka vile. Wewe unayakumbukaje? Niandikie kama yalivyokuwa, usiyapambe.

Mdogo wako


Tarehe 3 Aprili

Maswali,

Marahaba, na salamu zangu leo ziishie hapo.

Rangi gani inapakwa kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa nane? Mnapaka nyumba au mnapaka bahari?

Nimepiga simu nyumbani, na safari hii ikapokewa. Alipokea mwanaume, sauti kavu ya ofisini. Nikasema namtaka mama. Akauliza mama yupi. Nikasema mama mwenye hiyo simu. Akaniambia, "Mama Mngojaji yumo ndani, hasemi na mtu mpaka alasiri. Wewe ni mgeni kwetu?" Nikamwambia mimi ni mwanawe. Akasema, "Sote ni wanawe," akakata.

Maswali, mimi shule niliiacha njiani, unalijua hilo maana wewe ndiye uliyerithi daftari zangu zikiwa nyeupe. Lakini samaki akiharibika namjua bila kufungua boksi. Kwanza uliuliza alama ya kitanda. Halafu msumari. Halafu maneno ya mlangoni. Una akina mama wanaomngoja mtu, na kikundi chako kiko karibu, na nyumbani kuna mwanaume nisiyemjua anayeniambia ni ndugu yangu. Kitanda changu kimeingiaje kwenye kitabu chako?

Na maneno niliyosema, kwa kuwa unayataka bila mapambo, ni haya: "Msipangishe chumba changu, narudi." Niliyasema kwa sababu nawajua nyinyi.

Nijibu. Usiniletee rangi.

Kaka yako


Tarehe 20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Naiandika sasa bila kuisoma nyuma.

Tangu ulipoondoka, kila Jumamosi mama hufua mashuka yako na kukitandika kitanda upya. Hilo hukulijua, nami nililijua nikalizoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Mshonaji akawa anakuja kumsindikiza. Unakumbuka mumewe alikwenda kutafuta kazi na hakuandika tena. Akaja mwingine ambaye binti yake yuko ng'ambo, na wengine kama hao. Hawakuomba wala hawakuimba. Walikaa chumbani kwako kimya, basi, halafu kila mtu anarudi kwake kupika.

Mimi nikafika na kinasa sauti. Nikauliza kwa nini wanavua viatu mlangoni. Mama akasema sakafu imepigwa deki. Nikauliza kwa nini hakuna anayekaa kitandani. Akasema kimetandikwa. Nikauliza kiongozi ni nani, mnajiitaje, mnaamini nini kuhusu mwisho wa mambo. Wakatazamana. Niliporudi mara ya pili walikuwa na majibu, Kaka, majibu mazuri, yaliyopangika. Mama akanivuta jikoni akaniuliza, "Yanatosha, mwanangu, au tuongeze? Nisije nikakuangusha kazini."

Nilipaswa kucheka. Nikamwambia yanatosha, nikapanda basi la jioni kama kawaida yangu, nikaandika makala.

Makala ikasomwa na karani mmoja mstaafu wa mahakama, akaja na viti. Ndiye aliyepokea simu. Amewaleta wengine, na siku hizi Jumamosi watu wanajaa mpaka barazani. Wengine hawana hata mtu wa kumngoja, wanamngoja wa mama, yaani wewe, bila kukujua. Ule msumari wanauinamia wakiingia. Maneno yako wanayasema kabla ya kukaa. Na mama, sijui nikuambie nini kuhusu mama. Sijui tena anapojibu anamjibu nani, mimi au wao.

Kitabuni sikuandika kwamba mwenye nyumba ni mama yangu. Wala sikuandika kwamba Anayekuja ana mkataba. Ukifika kabla ya wageni wangu, watakuta nini? Dini ya kumngoja mtu, na mtu mwenyewe amekaa jikoni anakula viporo. Kaka, sisemi usirudi. Nasema...

Nitaandika tena.

Maswali


Tarehe 11 Mei

Maswali,

Mama hajambo? Nauliza kwa sababu barua yako yote haina habari ya goti. Imejaa dini, goti halimo.

Nilikusoma nimekaa juu ya maboksi ya kuku. Nikacheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akaja kuuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia huko kwetu watu wanavua viatu kwa heshima yangu. Akasema, "Basi niachie kitanda cha chini, mheshimiwa." Halafu tukaenda kupanga foleni ya choo, mimi na yeye.

Mama simlaumu. Tangu darasa la kwanza unaleta kazi za shule nyumbani, na yeye ndiye aliyekuwa anazunguka uani kukutafutia majani ya kubandika kwenye daftari. Ulimwambia mwalimu anataka majani ya aina tano, akakuletea saba. Sasa ulitaka dini, amekutafutia dini.

Wewe nakulaumu. Umeniuliza juu ya ubao, msumari na maneno, na nimekujibu kama mjinga anayeulizwa njia na mwizi. Katika hayo yote hakuna swali hata moja ambalo jibu lake lilikuwa la kwangu. Hukuuliza nalala vipi. Hukuuliza kwa nini narudi. Umekuwa bingwa wa kuuliza watu wanamngoja nani, na anayengojwa ukamwambia aongeze mkataba.

Basi nikwambie bila kuulizwa. Mwandiko huu si baridi tu. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliingia ganzi mwaka jana na haijatoka. Niliangusha maboksi mara kadhaa, Bwana Haraka akanipokonya glavu akanipa ufagio. Huo mkataba unaotaka niuongeze hauongezeki, hata nikipiga magoti. Hapa hakuna anayeninyima ruhusa ya kuondoka. Anayeninyima ni wewe, kwa sababu kiti changu cha enzi kinapendeza kikiwa kitupu.

Nakuja mwezi wa sita. Usimwambie mama, usimwambie huyo karani. Wamesema anakuja, anakuja. Haya, anakuja, na amechoka.

Kaka yako


Tarehe 30 Mei

Kaka,

Vidole gani? Tangu mwezi gani hasa? Kuna daktari aliyeviona? Kijiko unaweza kushika? Barua zote hizi umeziandikaje?

Nilisoma yako ofisini, wanafunzi wananisubiri chumba cha pili, nikashindwa kuwaendea. Nimesoma barua zako zote upya tangu Februari na nimeona herufi zinavyolala. Kazi yangu ni kutazama watu.

Kuhusu mwezi wa nane sina la kusema.

Mdogo wako


Tarehe 2 Julai

Maswali,

Marahaba, ingawa safari hii hukunipa shikamoo. Barua yako ilinikosa ghalani, ikazunguka, imenifikia leo huku nyumbani. Ndiyo, nimefika. Goti la mama limevimba kidogo, anakanda kwa maji ya moto, anakusalimu.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Baraza yote viatu. Nilidhani kuna msiba, kabla sijakumbuka kwamba ni mimi. Mlangoni amesimama mzee mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, nikamjua kwa sauti. Akaniuliza kwa upole namngoja nani. Nikamwambia simngoji mtu, nimechoka tu. Akanionyesha kigoda cha nyuma kabisa, karibu na ndoo. Nikakaa. Ungenicheka. Nimevuka nchi nzima kuja kukaa karibu na ndoo kwenye ibada yangu mwenyewe.

Wakasema kwa pamoja, "Msipangishe chumba changu. Narudi." Watu wote wale, taratibu, macho yamefumbwa. Niliona aibu kama mtu aliyerekodiwa anavyokoroma. Halafu wakanyamaza. Na nikwambie ukweli, ule ukimya si mbaya. Miaka yote hii sijakaa na watu wengi namna ile bila hata mmoja kupiga makofi.

Mama amekaa kando ya kitanda, uso kwenye mlango. Akafumbua macho. Akaniona juu ya vichwa vya watu. Aliinuka kwa lile goti, akashika pembe ya shuka akaikunja nyuma, kama alivyokuwa anatukunjia tukiugua. Akasema, "Pita, baba. Vua viatu, sakafu imepigwa deki."

Karani akaingilia. Akasema Mama Mngojaji, huyu ametamka mwenyewe kwamba hana anayemngoja. Mama akamwambia, "Karani, sogea apite."

Nikapita. Watu wakakunja miguu. Nikalala na nguo za safari, uso ukutani, na wao wote wamekaa wananitazama, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikujali. Nililala mbele ya mkutano, Maswali. Nasikia nilikoroma.

Nilipoamka viti vilikuwa vimeondoka. Karani amevihamishia kwake na watu wengi wamemfuata. Kwake amepigilia msumari mpya. Nasikia amewaeleza kwamba Anayekuja hawezi kuwa mtu mwenye buti zinazonuka samaki, kwa hiyo bado wanangoja. Waeleze wageni wako wa mwezi wa nane waende huko, watapata dini kamili, na mwenye dini ni msemaji mzuri. Wakija hapa watamkuta mwanaume anamenya viazi kwa mkono wa kushoto. Uprofesa wako utakavyokuwa sijui. Ila ukiandika tena, andika kwamba mama ni mama yako. Ameniuliza kama hilo limo kitabuni. Nimemwambia sijasoma.

Aliyebaki ni mshonaji. Nilipogeuka kutoka ukutani alikuwa bado amekaa pale pale, anapinda shati. Nikataka kumwambia shangazi, nilitaka chumba chenye mlango umefungwa, ndicho kilichonirudisha. Akaniwahi. Akasema, "Wa mama yako amefika. Wangu bado." Sasa utamfukuza vipi mtu kama huyo? Kwa hiyo kila alasiri najinyoosha, na yeye yupo kando ya kitanda na sindano yake, na mlango haufungwi. Mapumziko yangu ndiyo hayo.

Umeuliza vidole gani. Ni cha shahada na cha kati. Kijiko nashika, kifungo cha shati hakinitii, mshonaji ananifungia. Daktari atanitazama wiki ijayo. Kalamu naikumbatia kwa ngumi kama mtoto. Asante kwa kuuliza.

Jambo la mwisho. Jumamosi iliyopita mama hakufua mashuka yangu, kwa kuwa nimeyalalia. Aliingia chumba chako akafua ya kwako, akatandika, akakaa pembeni na mshonaji. Nikamwuliza anafanya nini, maana wewe hukuondoka, unakuja kila mwezi. Akasema unakuja, unauliza, unawahi basi la jioni. Tangu uanze kazi hiyo hujalala humu hata usiku mmoja.

Mimi pia nilikaa. Kile kigoda cha karibu na ndoo nimekizoea.

Kwa hiyo njoo. Kinasa sauti kiache ofisini. Na ukifika mlangoni vua viatu, usiulize kwa nini.

Kaka yako